MRI ya moyo na presha ya mapafu: inaonyesha nini, na haipimi nini

Kipimo cha MRI, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku, hakipimi presha ya mapafu. Jambo hili ni vyema lisemwe mwanzoni kabisa, kwa sababu mgonjwa wa Kigoma au Tabora anayepewa rufaa ya kwenda kufanyiwa MRI ya moyo anaweza kusafiri mamia ya kilomita akiamini kwamba mashine itampa namba moja ya kumaliza ubishi, kisha akarudi na ripoti iliyojaa namba ambazo hakuna hata moja iliyo presha. Kinachopimwa na MRI ni hali na kazi ya upande wa kulia wa moyo, yaani upande unaobeba mzigo wa ugonjwa huu. Moyo huo ukimudu, mgonjwa huendelea. Ukishindwa, hata presha ikiwa ya wastani, hali huwa mbaya. Kwa hiyo kipimo hiki kina thamani kubwa, ila ni thamani ya aina yake.

Presha tuliyoizoea, ile inayosomwa kwa mkanda wa mkononi, ni ya mishipa inayotoka upande wa kushoto wa moyo kwenda mwili mzima. Upande wa kulia hupokea damu iliyokwisha kutumika na kuisukuma kwenye mapafu tu, kwa nguvu ndogo zaidi: wastani wa presha katika ateri ya mapafu, yaani mshipa unaopeleka damu mapafuni, ya mtu mzima mwenye afya anapopumzika ni kama milimita 14 za zebaki, wakati upande wa pili wastani huo hukaribia 90. Mtu huhesabiwa kuwa na presha ya mapafu pale wastani huo unapozidi 20. Zamani mpaka ulikuwa 25; wataalamu waliokutana Nice, Ufaransa, mwaka 2018 walipendekeza ushushwe, na miongozo ya Ulaya ya mwaka 2022 ikaukubali mpaka mpya. Mifumo hii miwili inaweza kutofautiana kabisa, ndiyo maana mtu anaweza kusomeka 118 kwa 76 mkononi huku ateri yake ya mapafu ikiwa na presha mara tatu ya ile inayostahili. Na ndiyo maana kumeza vidonge vya presha vya jirani ni kosa la hatari, kwani vingi vyake huishusha presha ya mwili bila kuugusa ugonjwa wa mapafu.

Dalili zake hazina alama ya pekee. Mgonjwa huishiwa pumzi anapopanda mlima, huchoka upesi, huvimba miguu na tumbo, na wakati mwingine huzimia akiwa katikati ya kazi. Kila moja ya dalili hizo ina maelezo mengine yanayojulikana zaidi, kuanzia upungufu wa damu hadi pumu na kifua kikuu, na si ajabu mgonjwa akatibiwa pumu kwa muda mrefu kabla ya mtu kufikiria moyo wa kulia.

Kuhusu vyanzo, madaktari huvigawa katika makundi matano, na ugawaji huo una uzito kwa sababu tiba ya kundi moja inaweza kumdhuru mgonjwa wa kundi jingine. Kundi la pili, la magonjwa ya upande wa kushoto wa moyo, ndilo lenye watu wengi zaidi duniani. Kwetu humo wamo vijana ambao vali zao, yaani milango ya damu ndani ya moyo, ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi utotoni, vali ya kushoto ikabana na damu ikarudi nyuma na kujaa kwenye mapafu. Kundi la tatu ni la magonjwa ya mapafu yenyewe, na hapa moshi wa kuni katika jiko lisilo na dirisha hauwezi kuachwa nje ya hesabu, iwe ni vijiji vya Buhigwe au vya Sikonge. Kundi la nne ni la mabonge ya damu yaliyoziba mishipa ya mapafu na kukataa kuyeyuka. Selimundu, ugonjwa ambao familia nyingi za kanda ya magharibi na kanda ya ziwa zinaufahamu vyema, umewekwa katika kundi la tano, kwa sababu unaweza kuleta presha hii kwa njia zaidi ya moja. Kukaa kwenye miinuko inayozidi mita 2,500 nako husababisha, lakini hilo tunaweza kulifuta mapema: Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari na mji wa Tabora kwenye mita 1,200 hivi.

Kundi la kwanza, ambalo ugonjwa umo katika ukuta wa ateri ndogo za mapafu zenyewe, linajumuisha wenye virusi vya UKIMWI, waliozaliwa na matundu ya moyo, na jambo ambalo watu wa mwambao wa ziwa wanapaswa kulisikia: kichocho cha tumbo. Vimelea vyake vimo Ziwa Tanganyika, na vimewahi kukutwa hata kwa nyani wa Gombe. Mayai ya mnyoo huyo hukwama kwenye ini, ini hupata makovu, damu ya matumbo hutafuta njia za pembeni za kurudi kwenye moyo, na mayai yanapita humohumo hadi kwenye ateri ndogo za mapafu, ambako mwili huyapiga vita kiasi cha kuzifanya kuta za mishipa ziwe nene na njia ya damu iwe nyembamba. Ni sehemu ndogo tu ya wenye kichocho cha ini wanaofikia hatua hiyo, na huwachukua miaka. Lakini kichocho kinapokuwa cha watu wengi, sehemu ndogo hiyo si watu wachache.

Kipimo cha kwanza cha kumtafuta mgonjwa huyu si MRI, na sidhani kitakuwa MRI hivi karibuni. Ni eko, yaani ultrasaundi ya moyo. Mpimaji huangalia kasi ya damu inayovuja kurudi nyuma kupitia vali iliyo kati ya vyumba viwili vya kulia. Kasi hiyo huzidishwa kwa yenyewe, kisha kwa nne: ikiwa ni mita 3.5 kwa sekunde, tofauti ya presha kati ya vyumba hivyo ni kama milimita 49 za zebaki, na hapo huongezwa makadirio ya presha ya chumba cha juu. Kasi ikivuka 2.8, shaka huanza, ikivuka 3.4, shaka huwa kubwa. Eko ni nafuu, hubebeka, haina mionzi, na hufanyika kitandani. Udhaifu wake ni kwamba wapo wagonjwa ambao vali yao haivuji vya kutosha kupimika, na wapo ambao mapafu yao yamejaa hewa kupita kiasi, hasa wale walioumizwa na moshi, mawimbi ya sauti yakashindwa kupenya. Tena chumba chenyewe kinachotafutwa kina umbo baya kwa mpimaji. Ventrikali, yaani chumba cha chini cha moyo kinachosukuma damu, ya kushoto inakaribia umbo la yai na ujazo wake hukadiriwa kwa vipimo vichache. Ventrikali ya kulia ni kama hilali iliyoizunguka ile ya kushoto, na hakuna kanuni rahisi ya kuupata ujazo wake kwa picha ya upande mmoja.

Kipimo kinachothibitisha ni katheta: mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa wa shingo au wa kinena hadi moyoni na kwenye ateri ya mapafu, ukasoma presha papo hapo. Mwaka 1929 daktari kijana wa Ujerumani, Werner Forssmann, alijipitishia mrija mkononi hadi kwenye moyo wake mwenyewe, kisha akaenda kwa miguu kwenye chumba cha eksirei kuthibitisha. Mwaka 1956 alishiriki Tuzo ya Nobel pamoja na André Cournand na Dickinson Richards, walioigeuza njia hiyo kuwa kipimo cha kila siku. Katheta husema mambo ambayo picha haiwezi kuyasema kwa uhakika: presha ni kiasi gani, damu inayosukumwa kwa dakika ni kiasi gani, na presha ya upande wa kushoto iko juu au la. Hilo la mwisho ndilo linalotenganisha kundi la kwanza na la pili. Katika vituo vyenye uzoefu, madhara makubwa humpata takriban mgonjwa 1 kati ya 100.

Sasa, ikiwa eko huanzisha shaka na katheta huithibitisha, MRI inaingia wapi?

Mwili umejaa maji, na kila molekuli ya maji ina haidrojeni ambayo kiini chake ni protoni moja, yenye usumaku mdogo sana. Mashine nyingi za kupimia moyo zina nguvu ya tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), karibu mara 30,000 ya usumaku wa dunia; usumaku huo wa mashine hutokana na koili, yaani nyaya zilizoviringwa, zilizozamishwa ndani ya heliamu ya kimiminika yenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri. Ndani ya usumaku huo protoni hujipanga na kuzunguka kwa mwendo maalumu. Hupigwa na mawimbi ya redio ya megahezi 64 hivi, chini kidogo ya masafa ya FM, hutikisika, na zinaporejea hali yake hutoa ishara ambayo kompyuta huigeuza kuwa picha. Paul Lauterbur na Peter Mansfield walipata Nobel mwaka 2003 kwa kuonyesha namna ishara hizo zinavyoweza kutengeneza picha. Hakuna mionzi ya eksirei inayohusika. Kelele za kugonga ambazo mgonjwa huzisikia hutoka kwenye koili zinazobadilisha usumaku haraka ili mashine ijue kila ishara imetoka sehemu gani ya mwili.

Moyo hata hivyo hautulii, na hapo ndipo MRI ya moyo inapotofautiana na ile ya mgongo au ya kichwa. Mashine hufuata mapigo kwa waya za ECG, kipimo cha umeme wa moyo, zilizobandikwa kifuani na hukusanya picha vipande vipande kutoka mapigo kadhaa, huku mgonjwa akibana pumzi kwa sekunde 10 hadi 15, tena na tena. Hutokea filamu fupi ya moyo ukipiga, kipande juu ya kipande, kutoka chini ya moyo hadi juu. Mtaalamu huchora mpaka wa ventrikali ya kulia katika kila kipande, na kompyuta hujumlisha. Umbo la hilali halileti shida tena kwa sababu hakuna umbo linalodhaniwa. Ujazo umehesabiwa kipande kwa kipande. Ndiyo sababu MRI ndiyo inayochukuliwa kuwa kipimo sahihi kuliko vyote cha ukubwa, uzito na nguvu ya ventrikali ya kulia, na ndiyo sababu ikirudiwa baada ya miezi kadhaa, mabadiliko madogo huaminika zaidi kuliko ya eko.

Katika filamu hiyo kuna ishara moja ambayo hata asiye daktari anaweza kuiona akionyeshwa. Ukuta unaotenganisha ventrikali mbili hufanya kama tanga la mtumbwi: hutuna kuelekea upande ambao msukumo ni mdogo. Kwa mtu mwenye afya, upande wa kushoto una nguvu zaidi, hivyo ukuta hutuna kuelekea kulia wakati wote. Presha ya kulia inapopanda, ukuta hunyooka. Ikizidi, hutuna kuelekea kushoto na kuibana ventrikali ya kushoto isijae vizuri. Kiasi cha kupinda kwa ukuta huo kinakwenda pamoja na presha ya ventrikali ya kulia, na watafiti wa Sheffield, Uingereza, wamekiunganisha na uzito wa misuli ya ventrikali kupata kanuni za kukadiria presha kutokana na picha. Makadirio hayo ni mazuri kwa mgonjwa aliyezidiwa. Kwa yule aliye karibu na mpaka, mwenye 19 au 23, hayatoshi kumpa mtu jina la ugonjwa atakaoutibu maisha yake yote.

Jambo jingine ni mwendo wa damu. Protoni zinazosogea ndani ya uga wa sumaku unaobadilika hupata tofauti inayolingana na kasi yake, kwa hiyo mashine inaweza kusoma kasi katika kila nukta ya ateri na, ikizidisha kwa eneo, kupata ujazo wa damu unaopita kwa kila pigo. Kwa njia hiyo hupimwa damu inayokwenda mapafuni na ile inayokwenda mwilini. Kwa mtu asiye na tundu, kiasi hicho ni sawa. Ikiwa mapafu yanapata mara moja na nusu au zaidi ya mwili, kuna njia ya mkato mahali fulani, na hapa MRI hung'amua kilichofichika: tundu lililo juu kabisa kwenye ukuta wa vyumba vya juu vya moyo, pale mshipa mkuu unapoingia, au mshipa wa pafu uliojiunga upande usio wake. Eko ya kifuani hukosa kasoro hizo mara nyingi. Kwa maoni yangu hii ndiyo sababu yenye nguvu kuliko zote ya kumsafirisha kijana wa miaka ishirini na kitu kutoka Kibondo, kwa sababu kasoro iliyogunduliwa mapema inaweza kurekebishwa kabla mishipa ya mapafu haijaharibika moja kwa moja. Kundi la watafiti wa Graz, Austria, lilikwenda mbali zaidi na kuonyesha kwamba katika ateri yenye presha kubwa damu hujizungusha kama kisulisuli, na kwamba muda ambao kisulisuli hicho kinadumu unahusiana na kiwango cha presha.

Wakati mwingine mgonjwa huchomwa dawa ya gadoliniamu ili tishu zenye makovu zing'ae. Katika presha ya mapafu, mng'ao huonekana mara kwa mara pale ukuta wa ventrikali ya kulia unaposhikamana na ukuta wa katikati. Ripoti ikisema hivyo, isisomwe kama mshtuko wa moyo. Ni alama ya misuli iliyovutwa kwa muda mrefu.

Namba ambazo mgonjwa aliyekwisha kutambuliwa anapaswa kuziulizia ni tatu, na zimo katika miongozo ya Ulaya ya mwaka 2022. Ya kwanza ni asilimia ya damu ambayo ventrikali ya kulia huitoa kwa kila pigo: ikizidi 54 hatari ni ndogo, kati ya 37 na 54 ni ya kati, chini ya 37 ni kubwa. Ya pili ni ujazo wa damu unaotoka kwa kila pigo ukilinganishwa na ukubwa wa mwili, ambao ukiwa juu ya mililita 40 kwa kila mita ya mraba ni dalili njema na ukiwa chini ya 26 ni mbaya. Ya tatu ni ujazo unaobaki ndani baada ya moyo kujikaza, ambao kwa kipimo hichohicho unatakiwa usifikie 42, na ukizidi 54 moyo umeelemewa. Mipaka hii iliwekwa kwa wagonjwa wa kundi la kwanza, kwa hiyo mwenye vali iliyobana au mapafu yaliyoharibiwa na moshi asijipime nayo moja kwa moja.

Kuna mahali MRI ni dhaifu. Mapafu ni hewa zaidi kuliko maji, protoni ni chache, na mipaka mingi kati ya hewa na tishu huvuruga usumaku, kwa hiyo makovu ya mapafu huonekana vizuri zaidi kwa CT, yaani picha za eksirei za kipande kwa kipande. Mabonge ya zamani ya damu hutafutwa kwanza kwa kipimo cha nyuklia kinacholinganisha hewa na damu katika kila sehemu ya pafu. MRI inaweza kuonyesha sehemu zisizopata damu, lakini kwa mikono iliyozoea. Kundi hili la nne lisipotafutwa ni hasara kubwa, kwa kuwa baadhi ya wagonjwa wake wanaweza kufanyiwa upasuaji wa kuyatoa mabonge na wakapona karibu kabisa.

Jambo la mwisho ni la kuuliza kabla ya kukata tiketi ya treni au ya basi. Hospitali kuwa na mashine ya MRI si sawa na kuweza kupima moyo. Mashine zenye usumaku mdogo hutosha kwa uti wa mgongo na hushindwa kuukimbiza moyo. Hata ile ya tesla 1.5 huhitaji koili ya kifua, waya za ECG zinazostahimili sumaku, programu ya kuhesabu ujazo, na mtu aliyefundishwa kuzisoma picha. Daktari anayetoa rufaa, awe katika hospitali ya Maweni mjini Kigoma au ya Kitete mjini Tabora, apige simu kwanza kituoni na kuuliza swali hilo kwa maneno hayohayo, na aandike kwenye barua anachotaka kujua: je, kuna tundu, ventrikali ya kulia ina nguvu kiasi gani, chumba cha juu cha kushoto kimetanuka. Swali la mwisho huonekana dogo, ila chumba hicho kikiwa kimetanuka, lawama huelekea upande wa kushoto na mpango mzima wa dawa hubadilika.

Mgonjwa naye ataje kila chuma kilichomo mwilini mwake: kifaa cha kusaidia mapigo, klipu za upasuaji wa ubongo, kifaa cha masikio, na vipande vilivyoruka machoni kwa fundi wa kuchomelea au wa kunoa. Mwenye figo dhaifu apimwe kabla ya gadoliniamu, kwa sababu mwaka 2006 baadhi ya aina zake zilihusishwa na ugonjwa wa kukakamaa ngozi na viungo kwa wagonjwa wa figo, na mjamzito kwa kawaida hapewi. Asiyeweza kulala chali kwa dakika 45, au ambaye mapigo yake yamevurugika, aseme mapema, kwani picha zake zitatoka na ukungu. Mara nyingi ni busara kumpunguzia maji mwilini kwa dawa kwanza na kumpeleka wiki kadhaa baadaye, akiwa na majibu ya eko, eksirei na ECG mkononi, na si kumkimbiza safari ya siku nzima akapimwe katika hali ambayo kipimo hakitasomeka.